Sura ya Nne: Maiki Ipi kwa Kundi la Taarab?

Mtu akiingia duka la vyombo vya muziki na kuulizia maiki ya kurekodia, ataulizwa kwanza ana shilingi ngapi. Swali hilo lina haki yake, lakini likitangulia linaharibu. Lililopaswa kutangulia ni hili: unarekodi wapi, na pembeni kuna nini? Maiki yoyote ya bei ya maana leo itausikia uimbaji wa mwimbaji wako. Zinakotofautiana ni katika mengine zinayoyasikia pamoja naye: feni, bati, bodaboda, mpiga udi aliyekaa hatua mbili kutoka kwake, na ukuta ulio nyuma ya wote. Kuchagua maiki ni kuamua nini kibaki nje ya rekodi.

Nitafuata kundi moja tu katika sura hii, la taarab asilia ya Unguja, kwa sababu linampa fundi mitambo kazi kubwa kuliko bendi ya magitaa ya umeme. Gitaa la umeme linatoka kwenye amplifaya kwa nguvu. Weka maiki karibu na spika, umemaliza. Taarab ina kanuni, udi, fidla, nai, akordioni, besi kubwa ya kusimama, dumbaki, halafu mwimbaji na waitikiaji wake. Vyombo vya mnong'ono vimekaa bega kwa bega na vyombo vya kishindo, na wote wanataka kuonana macho wanapopiga, kwa hiyo huwezi kumfungia kila mmoja chumba chake.

Muziki huu na maiki vimejuana zamani. Kabla ya mwaka 1925 santuri zilirekodiwa bila umeme: mwimbaji aliimba mbele ya pembe kubwa, na nguvu ya mapafu yake ndiyo iliyoisukuma sindano ichore kwenye nta. Chombo kisicho na sauti kubwa kilisogezwa hadi kwenye mdomo wa pembe, la sivyo kilipotea. Mwaka huo kampuni kubwa za santuri zikaanza kurekodi kwa umeme. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, na wenzake walipovuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya santuri ya HMV, zama za pembe zilikuwa zimekwisha. Mtu akijiuliza taarab ya Siti ingetufikiaje kama angetangulia miaka mitano, aufikirie udi unavyohangaika mbele ya ile pembe.

Maiki za muziki zimegawanyika katika koo tatu, na kila ukoo una tabia inayotokana na jinsi ulivyoundwa.

Wa kwanza ni dainamiki. Ndani yake kuna utando, na nyuma ya utando kumegandishwa koili ya waya mwembamba iliyokaa kwenye sumaku. Sauti inautikisa utando, koili inacheza, umeme unazaliwa. Ni spika iliyogeuzwa, na kweli ukiiunganisha spika kinyume itakurekodia, ingawa vibaya. Kwa kuwa utando unaburuta uzito wa koili, hauwahi kuufuata kila mtetemo mdogo wa juu kabisa. Huo ndio upungufu wake, na mahali pengi ndio uzuri wake. Shure SM57 ilitoka mwaka 1965, SM58 mwaka uliofuata, na zote mbili bado zinatengenezwa. Hazihitaji umeme wa kuziwasha. Zikianguka, unaziokota na kuendelea.

Vijana wengi wa studio huiona dainamiki kuwa ni maiki ya harusi na mihadhara, haifai kwa kurekodi. Waambie kwamba Bruce Swedien, fundi aliyerekodi albamu ya Thriller ya Michael Jackson mwaka 1982, alitumia dainamiki ya Shure SM7 kwa sauti ya mwimbaji huyo, na studio aliyokuwamo haikukosa maiki za bei kubwa zaidi.

Ukoo wa pili ni kondensa. E. C. Wente, mhandisi wa Marekani, aliibuni mwaka 1916. Utando wake ni mwembamba mno, mara nyingi umepakwa dhahabu, na umewambwa mbele ya bamba la chuma bila kuligusa. Hakuna koili ya kuburuta. Utando ukisogea hata kidogo, umeme uliohifadhiwa kati yake na bamba unabadilika, na saketi iliyo ndani ya maiki inaukuza. Ndiyo maana maiki hii haifanyi kazi bila kulishwa umeme kutoka kwenye miksa au intafesi, kwa kawaida volti 48. Namba hiyo haikutoka mbinguni. Mwaka 1966 kampuni ya Neumann ya Berlin ilikuwa ikiliuzia shirika la utangazaji la Norway maiki mpya za transista, na studio za Norway tayari zilikuwa na umeme wa volti 48 wa taa za dharura. Wakautumia huo huo, na dunia nzima ikafuata.

Tofauti ya usikivu kati ya koo hizi mbili inaonekana kwenye karatasi za watengenezaji. Kwa sauti ya nguvu ile ile, SM58 inatoa milivolti 1.85, na Neumann U 87 Ai inatoa 28. Ni mara kumi na tano. Lakini usiisome namba hiyo kama alama za mtihani. Kondensa inakuletea pumzi ya mwimbaji, ncha ya ulimi wake, mlio wa kidole kwenye uzi. Inakuletea pia jenereta ya jirani.

Ukoo wa tatu ni wa utepe. Kipande cha alumini chembamba kuliko unywele kinaning'inia katikati ya sumaku, chenyewe kikiwa utando na waya kwa pamoja. RCA ya Marekani iliufanya maarufu miaka ya 1930, na picha za waimbaji wa zama hizo zimejaa lile dude lake kubwa lenye pembe zilizokatwa. Utepe hulainisha sauti za juu zinazochoma sikio. Adui yake ni upepo: ukiupuliza ili kujaribu kama unafanya kazi, kama watu wanavyopenda kufanya, unaweza kuukunja usinyooke tena. Nyumba ya pwani iliyofunguliwa madirisha wakati wa kusi si mahali pake.

Jambo linalopuuzwa zaidi, na kwa maoni yangu linazidi ukoo wa maiki, ni upande inakosikia. Maiki nyingi za studio husikia mbele, hupunguza pembeni na kuziba nyuma. Ukichora usikivu wake kwenye karatasi unapata umbo la moyo. Nyingine husikia pande zote sawasawa. Nyingine, na karibu zote za utepe zimo humu, husikia mbele na nyuma huku pembeni zikiwa kiziwi kabisa, na mchoro wake unafanana na tarakimu 8.

Hapo penye ukiziwi ndipo fundi anapofanyia kazi. Chukua mwimbaji anayejipigia udi mwenyewe, jambo la kawaida katika taarab. Ukimwekea maiki ya moyo mdomoni na nyingine kwenye udi, kila moja itasikia vyote viwili, na ukitaka kupandisha sauti yake baadaye, udi nao unapanda. Sasa weka maiki ya umbo la 8 mbele ya mdomo, uiinamishe mpaka ubavu wake uuangalie udi moja kwa moja. Weka ya pili mbele ya udi, ubavu wake ukiuangalia mdomo. Vaa hedifoni, mwambie aimbe peke yake, na uizungushe maiki ya udi polepole, nyuzi mbili tatu kwa wakati. Kuna mahali sauti yake itazama ghafla. Funga skrubu hapo. Hakuna programu ya kompyuta itakayokutenganishia vitu hivyo kwa usafi ule.

Maiki za moyo na za 8 zina tabia nyingine: chanzo kikisogea karibu sana, besi inavimba. Watangazaji wa redio wanaipenda kwa sababu inawapa kifua. Kwa mwimbaji wa taarab, ambaye husogea na kurudi nyuma kadiri hisia zinavyompeleka, ni balaa, kwani sauti yake itanenepa katikati ya beti na kukonda mwishoni. Mpe umbali wa sentimita 20 hadi 30, weka kizuia pumzi katikati ili asiweze kusogea zaidi, na tatizo limekwisha. Maiki inayosikia pande zote haina uvimbe huo kabisa, lakini inataka chumba kizuri.

Na chumba ndicho kinachoangusha wengi. Nimeona studio nyingi za Dar es Salaam na Mombasa zilizobandikwa trei za mayai ukutani kutoka sakafuni hadi darini. Trei za mayai haziizuii sauti ya nje hata kidogo, maana kinachozuia sauti ni uzito, na karatasi haina uzito. Zinanyonya sauti chache za juu tu, kwa hiyo chumba kinabaki na mvumo wa chini huku kikipoteza uhai wa juu. Godoro zito likisimamishwa nyuma ya mwimbaji linasaidia kuliko trei mia. Nimesema nyuma ya mwimbaji, si nyuma ya maiki, kwa sababu maiki ya moyo inaangalia huko, na ukuta ulio nyuma yake ndio unaoirudishia mwangwi.

Kama chumba chako kina bati, kiko kando ya barabara, na kuta zake ni za saruji tupu, kondensa ya bei kubwa itakurekodia ubaya wa chumba kwa ufasaha mkubwa. Dainamiki iliyosogezwa karibu itakufichia sehemu kubwa ya ubaya huo. Ukipata ukumbi wa mawe wenye dari refu la mbao, mazulia sakafuni na mlango unaofungika, hesabu inageuka: hapo kondensa inaanza kulipa thamani yake.

Sasa kwenye vyombo. Kanuni ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti. Mpigaji huvaa pete kwenye vidole vya shahada, na katika kila pete amechomeka risha. Upande wake wa kulia, nyuzi zimekalia daraja lililosimama juu ya vipande vya ngozi iliyowambwa. Upande wa kushoto kuna safu ya vijiti vidogo vya chuma anavyovigeuza kubadilisha maqamu, yaani ngazi ya sauti za wimbo. Kondensa ya utando mdogo inafaa hapa kuliko ile ya utando mkubwa, kwa kuwa inaiwahi risha inapoachia uzi, na vilevile haiugeuzi mlio unaoingia kwa pembeni. Iweke juu ya kanuni, sentimita 40 hivi, ielekee kwenye ngozi. Ukiishusha sana kuelekea ngozi utapata mgongano wa risha mtupu, kama mvua ya mawe. Ukiivuta kushoto utapata mwili wa mbao, lakini na vile vijiti vinavyolia tik, tik kila maqamu inapobadilika. Basi mgongo wa maiki, upande wake usiosikia, ndio uviangalie vijiti.

Halafu kuna feni. Chombo ni laini, geini iko juu, na hewa ya pwani haivumiliki.

"Maalim, naomba tuzime feni, nyimbo mbili tu."

"Zima, mwanangu. Lakini ukiniambia turudie, uiwashe."

Mapatano ya aina hiyo yameokoa rekodi nyingi kuliko maiki yoyote. Fundi anayemheshimu mpigaji mkongwe, akamwamkia kwanza na kumweleza kwa nini anasogezasogeza stendi, atapewa utulivu ambao hauuzwi dukani.

Udi nao hudanganya. Anayeanza huelekeza maiki kwenye tundu la katikati kwa kuwa sauti inaonekana inatoka hapo. Inatoka kweli, lakini ni mvumo. Elekeza pale shingo inapokutana na tumbo, sentimita 30 kutoka hapo, na utasikia uzi na mbao kwa uwiano.

Fidla ndizo zinazouomba utepe. Fidla mbili tatu zikipiga pamoja ndani ya chumba kidogo, kondensa huzifanya zikwaruze, na wengi hujaribu kuupunguza ukwaruzo huo baadaye kwenye kompyuta wakaishia kuua uimbaji wa chombo. Weka utepe mmoja juu ya vichwa vya wapigaji, karibu mita moja, wote wachangie. Huna utepe? SM57 itakusogeza karibu na huko kwa sababu ya ule uzito wa koili. Nai isielekezewe maiki mdomoni. Ishushe kwenye mashimo, pumzi zipite juu. Akordioni inatoa sauti pande mbili na upande mmoja unatembea, kwa hiyo ukiisogelea utasikia mkono wa kushoto ukija na kwenda. Mita moja na nusu inatosha. Dumbaki inataka dainamiki, hakuna mjadala.

Besi ya kusimama ina jambo moja la hesabu. Noti yake ya chini kabisa ni hezi 41. Karatasi ya SM58 inasema maiki hiyo inaanza kusikia vizuri kwenye hezi 50. Je, noti hiyo itapotea? Haitapotea yote, maana sikio hujazia noti ya msingi kwa kusikia noti zinazoandamana nayo, lakini kile kishindo cha tumboni hutakipata. Kama una kondensa moja ya utando mkubwa na mwimbaji wako ana sauti kali, mpe mwimbaji dainamiki na besi uipe kondensa. Watu watashangaa. Wasikilize kwanza.

Ukishaweka maiki nane katika chumba kimoja, kila chombo kinaingia kwenye maiki isiyo yake kwa kuchelewa kidogo. Sauti husafiri karibu mita 346 kwa sekunde katika joto la nyuzi 25, kwa hiyo mita moja ya ziada ni kuchelewa kwa takriban milisekunde 3. Ukizichanganya, sauti hizo zinapingana na chombo kinasikika kama kiko ndani ya bomba. Sheria ya mafundi ni kwamba umbali kati ya maiki na maiki uwe angalau mara tatu ya umbali kati ya maiki na chombo chake.

Ndiyo maana, kwa kundi la taarab lililokwisha kufanya mazoezi, napendelea njia isiyo ya kisasa: kondensa mbili ndogo zinazofanana, mbele ya kundi zima. Mafundi wa redio ya Ufaransa walituachia kipimo kizuri, maiki mbili za moyo zilizoachana sentimita 17 na kufungua pembe ya nyuzi 110, takriban kama masikio ya mtu. Mahali pa kuzisimamisha hutapajua kwa futi. Wape wimbo wapige, ziba sikio moja kwa kidole, tembea mbele yao polepole ukienda na kurudi. Ukifika mahali kanuni na dumbaki zinasikika bila moja kuimeza nyingine, simamisha stendi hapo, kwenye kimo cha juu ya kichwa chako. Mpigaji wa chombo kinachozidi anasogezwa nyuma yeye na kiti chake. Wa chombo kinachopungua analetwa mbele. Mwimbaji anapewa maiki yake moja. Hugh Tracey, aliyezunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi ngoma na zeze, alitumia maiki moja, na rekodi hizo zinasikilizwa mpaka leo.

Njia hii inamnyima prodyuza uwezo wa kumrekebisha mtu mmoja baadaye. Akikosea mpiga fidla, wanarudia wote. Sioni kuwa ni hasara.

Machache ya manunuzi. Maiki za USB zinamfaa mtu mmoja anayerekodi peke yake. Ukitaka kuongeza ya pili, taabu inaanza. Zile kondensa za bei ya chini sana zenye umbo la maiki kubwa mara nyingi zina kidonge kidogo cha elektreti ndani ya mwili mpana. Elektreti yenyewe, ambayo ni aina ya kondensa, si kitu cha dharau. Gerhard Sessler na James West, Mmarekani mweusi mzaliwa wa Virginia, waliibuni katika maabara za Bell mwaka 1962, na bila hiyo kusingekuwa na kondensa za bei nafuu. Ila usilipie umbo. SM58 za bandia nazo zimeenea kila soko. Ya kweli ina uzito wa gramu 298, kwa hiyo nenda na mizani ndogo ya jikoni na usione haya. Anayeishi pwani akinunua kondensa anunue pia kisanduku kinachofungika na pakiti za kunyonya unyevu, maana unyevu ukiingia kwenye utando maiki hupasukapasuka kama mafuta ya moto. Baada ya kazi isiachwe kwenye stendi.

Kama fedha zako ni za kuanzia tu na chumba ni cha bati, nunua SM57 mbili na godoro. Kama unao ukumbi uliotulia, nunua kondensa ndogo mbili pacha na dainamiki moja ya mwimbaji, na usiangalie kingine mpaka umerekodi kundi zima kwa hizo. Na siku ya kwenda dukani usiende peke yako: nenda na mwimbaji wako, na hedifoni zako, mwombe muuzaji azime muziki wa dukani, kisha mwimbaji aimbe kwenye kila moja ukiwa umeipa kisogo lebo ya bei.